Mazombi wa Italia hawakimbii, kwa nini wanatisha hivi?

Mtu wa Ikola anajua: usiku boti ikiingia mwaloni, kwanza unasikiliza. Injini inalia? Watu wanaongea? Sasa vuta picha boti inafika kimya na haina mtu hata mmoja wa kuiongoza.

Hivyo ndivyo inavyoanza Zombi 2, muvi ya mwaka 1979 ya Mtaliano Lucio Fulci. Boti ya matanga inaelea yenyewe hadi bandari ya New York. Askari wawili wanapanda kukagua, kumbe ndani kuna maiti inayotembea.

Siri iko wapi?

Kwanza, ni mwendo. Mazombi wa Fulci wanakuja taratibu, udongo usoni, huku muziki wa Fabio Frizzi ukirudia mdundo uleule. Unawaona mapema, unajua wanakuja, na bado huna pa kwenda.

Pili, hupewi jibu. Kisiwani kuna daktari anahangaika kutafuta chanzo, wengine wanataja uchawi, hakuna anayethibitisha. Katika L'aldilà ya mwaka 1981 ndiyo kabisa, hadithi inaruka kama ndoto. Kichwa chako kinabaki kujaza mapengo, na hapo ndipo hofu inapoingia.

Kwetu si kitu kigeni

Stori za zombi zilianzia Haiti: mtu aliyekufa anafufuliwa na mchawi ili amtumikishe. Hapo si msukule huyo? Unaambiwa fulani hakufa, amechukuliwa, usiku analimishwa shamba la mtu. Hata Bongo, Mussa Banzi aliichezea hofu ya wafu wanaorudi kwenye muvi yake Nsyuka.

Lakini kuna tofauti

Muvi ikiisha unazima simu, unalala. Uvumi wa msukule hauzimwi hivyo. Mtaani lazima atafutwe wa kulaumiwa, na mara nyingi ni bibi mzee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni miaka na miaka. Magharibi mwa Tanzania na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hii.

Kwa hiyo leo usiku zima taa, vaa earphone, ogopa mpaka basi. Ila asubuhi ukimkuta bibi wa jirani anakoka moto, msalimie: shikamoo bibi.