Tusilikate Jina Ili Lienee Kadini

Katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, watu wengi hadi leo hukiita kitambulisho kwa jina lake la zamani: kipande. Neno hilo limebeba historia chungu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, akakitia katika kikasha cha chuma na kukitundika shingoni. Mwenye kipande hakuulizwa angependa kuelezwa vipi. Aliyeandika ndiye aliyeamua.

Zama hizo zimepita, alhamdulillahi, lakini swali limebaki: ni nani mwenye haki ya kuamua jina la mtu liandikwe vipi? Nauliza hivi kwa sababu shule na vyuo vingi siku hizi huwatengenezea wanafunzi kadi za plastiki kwa printa ndogo iwekwayo juu ya meza, na baadhi ya printa hizo huandika habari pia katika utepe mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi. Walimu wengi hukiangalia sana kile kinachoonekana mbele, yaani picha na jembo la shule. Kilichoandikwa nyuma hawakioni.

Utepe huo si mgeni. Ulibuniwa katika miaka ya 1960 na mhandisi wa kampuni ya IBM, Forrest Parry, na inasimuliwa kwamba aliposhindwa kuugandisha kwenye plastiki, mkewe ndiye aliyeugandisha kwa pasi ya nguo. Printa ya leo hufanya kazi mbili kwa mpigo. Kadi huingizwa ikapita kwenye kichwa cha sumaku, habari zikaandikwa na aghalabu zikasomwa tena kuhakikishwa. Kisha hupita chini ya kichwa chenye joto kinachohamisha rangi kutoka kwenye utepe wa wino hadi juu ya plastiki.

Ndani ya utepe wa sumaku mna njia tatu. Kwa kanuni za kimataifa, njia ya kwanza hubeba alama 79, nayo hukubali herufi kubwa peke yake pamoja na tarakimu. Ya pili hubeba alama 40, na haijui herufi yoyote ila tarakimu. Ya tatu hubeba alama 107, nazo pia ni za tarakimu. Hapa ndipo mwanaisimu anapoanza kukuna kichwa.

Kanuni ya kadi za benki huliwekea jina nafasi ya alama 26 tu, na hutaka jina la ukoo litangulie, kisha mkwaju, kisha jina la mtu mwenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana aitwaye Mwanahamisi Mwinyihaji Bakari. Kwa desturi ya Pwani, Mwanahamisi ndilo jina lake, Mwinyihaji ni babake na Bakari ni babu yake. Jina la ukoo hana. Shule ikiufuata mtindo wa benki, babu atatangulizwa mbele kama ukoo, na nafasi itakwisha kabla jina la baba halijakamilika. Utepe utasoma BAKARI/MWANAHAMISI MWINYIH. Je, huyo ni nani?

Changamwe, mtaa uliokusanya watu wa kila pembe ya nchi kwa ajili ya reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, una mtihani wake. Majina kama Ng'ang'a na Ng'eno hayaandikiki bila ritifaa, na kanuni hizo haziihesabu ritifaa miongoni mwa alama za kubeba habari. Asidhani mtu kwamba ni nukta tu isiyo na maana. Katika Kiswahili, ng'oa ni kutoa kitu kwenye shina, na ngoa ni wivu. Alama ndogo hiyo hutenga sauti na sauti, na maana na maana.

Huenda msomaji akasema kwamba nakuza mambo. Jina likikatika kadini, mwenyewe anajulikana. Anajulikana na nani? Mlinzi wa lango na mkutubi huamini kile kinachotokea kwenye kompyuta. Jina lililokatwa likinakiliwa kutoka rejista moja hadi nyingine, siku moja litafika penye cheti cha mtihani au ombi la mkopo wa masomo. Hapo mzazi wa Likoni atavuka feri kwenda kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtoto mmoja, naye atalipia kosa lisilo lake.

Dawa yake si ngumu. Shule si benki, na hailazimiki kuufuata mtindo wa benki. Katika utepe iandikwe nambari ya mwanafunzi peke yake, tena ya tarakimu tupu ili ienee katika njia ya pili. Jina kamili, pamoja na ritifaa zake, likae katika rejista ya shule na lichapishwe mbele ya kadi kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Njia hii ina faida nyingine: habari za utepe kwa kawaida hazifichwi kwa msimbo, na yeyote mwenye kisomeo anaweza kuzisoma. Nambari haitamfaa mwizi kama jina na tarehe ya kuzaliwa.

Mwisho, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, mwalimu amwite mwanafunzi alisome jina lake kwa sauti. Nanyi wanafunzi, msione haya kusema, "Mwalimu, sivyo niitwavyo." Kadi ikiharibika huchapishwa nyingine. Jina mlipewa na wazee wenu, na mashine haina ruhusa ya kulipunguza.