Kila Shilingi Ina Mwenyewe

Duka liko Kariakoo, Mtaa wa Congo. Nimesimama na kiatu mkononi, cha ngozi nyeusi, namba yangu kabisa. Muuzaji alianzia shilingi 80,000, ameshuka hadi 65,000, na sasa ameacha kunibembeleza kwa sababu ameona nimekipenda. Hela ninayo mfukoni. Kiatu nilichovaa kimeachia soli upande wa kushoto, na nimeshaigundisha mara mbili. Lakini kichwani hesabu imeanza yenyewe: 65,000 ni mfuko wa sembe wa kilo 25 na mafuta ya kupikia juu yake. Ni kujaza mtungi mdogo wa gesi mara mbili na chenji ibaki. Nikakirudisha kiatu mezani, nikaaga: "Nitarudi, kaka."

Jioni ile ile binamu yangu akapiga simu, mtoto wake anaumwa. Nikamtumia 100,000 kabla hajamaliza kueleza, na moyo haukushtuka hata kidogo.

Watu wengi niliokua nao wanaifahamu siku kama hii, na tumezoea kuipa jina lisilo lake. Tunaiita ubahili. Bahili hatoi kwa mtu yeyote, na mara nyingi hupata raha akihesabu alichonacho. Huyu ninayemzungumzia anatoa sana: analipa ada za wadogo zake, anamjengea mama yake, anachangia harusi na misiba. Mkono wake unaganda mahali pamoja tu, pale ambapo kitu kinachonunuliwa ni chake yeye.

Ili kuelewa ganzi hiyo inatoka wapi, itazame hela jinsi mtoto wa nyumba maskini anavyoiona. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi. Alikuwa akirudi jioni na noti zimefungwa kwenye pindo la khanga, anakaa kwenye kigoda, anafungua fundo na kuzigawa mafungu mapajani. Hili la Mangi, maana daftari la madeni dukani kwake limejaa. Hili la unga wa ngano wa kesho, ili biashara isife. Hili la kodi ya chumba. Sikumwona hata siku moja akishika noti akasema hii ni yangu. Noti zilikuwa na wenyewe kabla hazijafika nyumbani, yeye alikuwa anazipitisha tu.

Shuleni somo likarudiwa. Hadi ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilipofutwa kuanzia Januari 2016, shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Anayesoma leo anaweza kuona ni hela ndogo. Waliosimama mstarini asubuhi majina ya wadaiwa yakisomwa, kisha wakarudi nyumbani na begi mgongoni saa mbili na nusu, wanajua ukubwa wake. Mtoto wa umri ule hajifunzi uchumi. Anajifunza kwamba kila shilingi ina mwenyewe, kwamba mwenyewe huyo si yeye, na kwamba kikinunuliwa kitu chake kuna mtu wa nyumbani atakosa. Siku niliyonunuliwa kandambili mpya, tulikunywa chai bila sukari wiki nzima. Hakuna aliyenilaumu, lakini nilikuwa nikizitazama zile kandambili kila nilipoinua kikombe.

Wachumi na wanasaikolojia wamelishughulikia jambo hili kwa njia zao. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Watafiti, wakiwamo Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, waliwapima wakulima wale wale mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa umekauka, na baada ya mavuno, hela ikiwa ipo. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Maelezo ya watafiti ni kwamba uhaba huikalia akili. Mtu anayepiga hesabu ya mlo wa leo mchana kutwa habakiwi na nafasi kubwa ya kufikiria kingine.

Wakulima wale walipovuna, akili ilifunguka. Lakini mimi mavuno yangu yalikuja miaka kumi na miwili iliyopita, siku niliyopewa barua ya ajira, na hesabu bado inaanza yenyewe mbele ya kiatu. Hapo naona msaada katika kazi ya Ulrike Malmendier na Stefan Nagel ya mwaka 2011, walioonyesha kwamba Wamarekani waliopitia miaka mibaya ya soko la hisa hawakuwa wepesi kununua hisa, na alama hiyo ilionekana hata miaka mingi baadaye. Yaliyompata mtu yana uzito kuliko aliyoyasoma, na hayafutiki kwa sababu tu hali imebadilika. Kama mtu mzima anaweza kubeba kumbukumbu ya hisa miaka yote hiyo, mtoto atabebaje kumbukumbu ya njaa?

Kuna pia wazo la maumivu ya kulipa, lililopewa jina na Ofer Zellermayer mwaka 1996. Mwaka 2008 Scott Rick, Cynthia Cryder na George Loewenstein waliwauliza zaidi ya watu 13,000 na kutenganisha makundi ambayo sisi huyachanganya. Mwekevu huona raha kuweka. Mwingine huona uchungu kutoa, hata akakosa kununua kitu ambacho mwenyewe anakiri angependa kukinunua. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu wa kwanza hahitaji msaada wowote. Hata hivyo kwetu haitoshi. Uchungu wetu hauji kila tunapotoa. Unachagua, na unamchagua mwenye mfuko.

Kwa nini uchague hivyo? Nadhani sehemu ya jibu imo katika Kiswahili chenyewe. Tazama neno kujinyima. Katika lugha nyingine lingeweza kuwa adhabu, kwetu ni sifa ya mzazi bora: alijinyima tukasoma. Wasifu wa marehemu ukisomwa msibani, neno hilo likitajwa watu hutikisa kichwa kwa heshima. Sasa tafuta neno la upande wa pili, la mtu aliyetumia hela yake kwa ajili yake mwenyewe kwa kiasi na kwa haki. Utapata anajipenda, ambalo husemwa kwa sauti yenye mkato kidogo. Utapata anatanua, na hapo lawama imeshaingia. Kisha kuna methali ya matako ya maskini kulia mbwata akipata. Wengi wetu tuliisikia kabla hatujajua maana yake, na ilitufundisha kwamba aliyetoka chini akivaa vizuri anachekwa. Kwa hiyo kiatu cha 65,000 kinazuiwa mara mbili: na njaa ya zamani, na aibu ya kuonekana kwamba sasa umepata.

Tena hofu yetu si ya kufikirika. Mwenye mshahara katika ukoo ndiye bima ya ukoo. Simu ya usiku inaweza kuingia wakati wowote, na mara nyingi inaingia. Anayemwambia mtu wa namna hii "jipende tu" hajui anachokisema. Akiba inayoonekana haina kazi ndiyo iliyomfikisha shangazi yangu hospitali ya mkoa akiwa hai. Silidharau jambo hilo, na sitaki msomaji alidharau.

Ninachopinga ni hesabu isiyokamilika, kwa sababu kujinyima nako kuna bei, na bei hiyo hatuiandiki popote. Nilikuwa na jino lililotoboka, tundu dogo, likiuma nikinywa kitu cha baridi. Kuliziba kungegharimu hela niliyokuwa nayo mwezi ule. Nikatafuna upande wa pili kwa karibu miaka miwili. Siku uso ulipovimba, tundu lilikuwa limefika kwenye mzizi, na lililobaki lilikuwa kung'oa. Nilitumia zaidi ya ile hela ya kuziba, nikakosa kazi siku tatu, na jino sina. Fikiria sasa anayeshona kwa riziki yake huku akikwepa kununua miwani, au dereva wa lori anayelala kwenye godoro lililokwisha. Familia inautegemea mwili wake, na mwili huo ndio peke yake usiotengewa fungu.

Fungu ndilo neno lenyewe. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana, na wakalichapisha mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe, na wakaombwa kutaja kitu cha afya wanachokiwekea hela. Hapakuwa na riba wala mtu wa kuwazuia kulifungua. Baada ya mwaka mmoja, matumizi yao kwenye vitu vya kinga ya afya yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66 kulinganisha na wasiopewa. Hela iliyoingia sandukuni ilikuwa imepata jina, na ikawa rahisi zaidi kwa mtu kusema hiyo ina kazi yake, kwa ndugu na kwa nafsi yake pia.

Mama yangu alikuwa akifanya jambo lile lile mapajani kwake, isipokuwa katika mafungu yale hakujihesabu. Ndiyo maana sioni dawa katika kumshawishi mtu aache kugawa mafungu. Aongeze moja. Mimi nilinunua kibubu cha mbao, nikaandika jina langu juu kwa kalamu ya wino, na kila mwisho wa mwezi naingiza 10,000 kabla ya kutuma hela kokote. Miezi ya kwanza nilikuwa nikilitazama lile jina kama la mtu ninayemdai. Mwezi wa saba nilikivunja, nikarudi Mtaa wa Congo na 70,000. Hesabu ya sembe ilianza kama kawaida, lakini safari hii hela ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale dukani.

Baada ya arobaini ya mama tulifungua sanduku lake. Chini ya mashuka, katikati ya vidonge vya nondo, zilikuwamo doti saba za khanga, nyingine tulizomnunulia sisi wenyewe kwa mshahara wa kwanza. Zote zilikuwa bado zimeungana, hazijakatwa wala kupindwa. Alikua katika miaka ya foleni, sabuni, sukari na khanga vilipokuwa adimu, na alikuwa anazitunzia siku ambayo haikufika.

Kama una mama aliye hai, wiki hii mwombe akufungulie sanduku lake. Chukua doti moja, ipeleke kwa fundi ipindwe, umrudishie aivae Jumamosi.