Alama za Kazi za Muhula kwa Mwanafunzi Aliyeahirishiwa Mtihani

Watumishi wa Serikali walio masomoni, pamoja na wazazi wenye vijana katika vyuo vikuu vya Unguja na vya Tanzania Bara, huuliza mara kwa mara: mwanafunzi akiugua wakati wa mitihani na chuo kikamruhusu kuifanya baadaye, je, zile alama alizozipata katika muhula zinapotea? Jibu ni kwamba hazipotei. Lakini jibu hilo lina masharti yake, na asiyeyajua anaweza kupoteza haki ambayo ilikuwa mikononi mwake.

Kwanza ifahamike namna alama zinavyokusanywa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako watumishi wengi wa Visiwani wamesoma tangu chuo hicho kilipoanzishwa mwaka 1970, mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kazi za muhula ni majaribio ya darasani, insha, mazoezi ya maabara, semina na mengineyo yanayopangwa na mhadhiri. Vyuo vingine, vikiwemo vya hapa Zanzibar, vina kanuni zao zinazopitishwa na Seneti, na mgawanyo unaweza kutofautiana. Hata hivyo msingi wa hesabu ni ule ule.

Mwanafunzi aliyeahirishiwa mtihani kwa sababu inayokubalika hufanya mtihani maalumu. Mtihani huo huhesabiwa kuwa ndio wake wa kwanza. Kwa hiyo alama zake za muhula husubiri, kisha hujumlishwa na alama za mtihani kana kwamba aliufanya pamoja na wenzake, na anaweza kupata daraja lolote analostahiki, hata la A.

Mkanganyiko hutokea kwa sababu mtihani maalumu kwa kawaida hufanywa kipindi kimoja na mitihani ya marudio, yaani ile ya walioshindwa. Chumba kinaweza kuwa kimoja, na karatasi ya maswali ikawa moja. Hesabu ndizo mbili. Kwa anayerudia, utaratibu wa Dar es Salaam ni kwamba alama za muhula huwekwa kando, anapimwa kwa mtihani peke yake, na akifaulu hapewi daraja la juu kuliko C.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana kwa mfano. Tuseme wanafunzi wawili wote walipata alama 30 kati ya 40 katika muhula. Mmoja aliugua akaahirishiwa, mwengine alishindwa na sasa anarudia. Wote wanakaa siku moja na wote wanapata asilimia 55 ya karatasi. Wa kwanza anapata 33 kati ya 60, zikijumlishwa na 30 zinakuwa 63, ambayo kwa viwango vya chuo hicho ni B+. Wa pili anapata C. Kwa hiyo jina la mgonjwa likiingizwa kwa makosa katika orodha ya wanaorudia, ameshushwa madaraja mawili bila ya kosa lake. Ni wajibu wa mwanafunzi mwenyewe kuhakikisha, kabla ya kuingia chumbani, kwamba ameandikwa kuwa anafanya mtihani maalumu.

Ruhusa ya kuahirisha haipatikani kwa maneno ya mdomo. Huombwa kwa maandishi, kabla ya mtihani inapowezekana, ikifuatana na ushahidi kama vile cheti cha daktari kinachotambuliwa na chuo. Barua ya kukubaliwa ihifadhiwe na nakala yake itunzwe nyumbani. Anayekosa mtihani bila ya ruhusa wala sababu ya msingi huweza kuachishwa masomo, na hapo alama za muhula, hata zikiwa nzuri namna gani, hazimsaidii kitu.

Wapo wanaoona ni ushujaa kuingia katika mtihani na homa. Ushujaa huo ni ghali. Mwanafunzi yule yule mwenye alama 30 za muhula akiingia mgonjwa na kuambulia 15 kati ya 60, jumla yake ni 45. Hiyo ni C. Amefaulu, na kwa kuwa amefaulu hana njia ya kurudia. Cheti cha daktari kinacholetwa baada ya matokeo kutoka kwa kawaida hakibadilishi kitu. Atabaki na C hiyo katika hati yake ya matokeo, ilhali angelikwenda hospitali asubuhi ile angelibaki na nafasi yake kamili.

Aidha, kuahirisha mtihani kusichanganywe na kuahirisha masomo. Anayeahirisha masomo katikati ya muhula hurudi baadaye kuusoma muhula ule upya, na kwa kawaida kazi za muhula nazo huanza upya. Mwenye maradhi ya siku chache asijaze fomu ya kuahirisha masomo pale ambapo mtihani mmoja au miwili ndiyo iliyomshinda. Vile vile, ambaye hakukamilisha kazi za muhula asitarajie kuahirishiwa mtihani kumjazie pengo hilo; kazi zilizobaki azizungumze na mhadhiri wake mapema.

Mtumishi aliye katika likizo ya masomo ni vyema amjulishe mwajiri wake kwa maandishi mara tu anapoahirishiwa, akiambatanisha barua ya chuo, kwani matokeo yake yatachelewa na huenda tarehe ya kurejea kazini ikaguswa. Matokeo yakitoka, alinganishe alama za muhula zilizotumika na zile alizopewa na wahadhiri, na penye hitilafu aandike kwa uongozi wa kitivo au skuli yake ndani ya muda uliowekwa na kanuni za chuo.