Kimya chenye maana mbili: mwongozaji wa ndege akiachwa peke yake

Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba mazungumzo hayajengwi na mtu mmoja. Makala ya Sacks, Schegloff na Jefferson ya mwaka 1974 kuhusu kupokezana zamu za kusema yamepita mikononi mwetu sote, na wengi tumeyatumia kuchambua mazungumzo ya sokoni, ya ndani ya taksi au ya simu. Mimi nataka kuyapeleka mahali ambapo zamu isiyopata jibu huweza kuua: kwenye redio ya waongozaji wa ndege, hasa usiku, mtu mmoja anapoachiwa mnara mzima au chumba kizima cha rada.

Wengi hudhani kazi hiyo ni ya macho. Mnara una vioo pande zote, chumba cha rada kina skrini, basi mtu anaangalia. Ni kweli anaangalia, lakini chombo chake cha kazi ni maneno. Mwongozaji anatoa agizo: shuka hadi kimo fulani, geuka kuelekea upande fulani, tumia njia fulani ya kurukia. Rubani analirudia agizo hilo, hasa namba zake. Kisha mwongozaji anayasikiliza marudio, na yakiwa na kosa anayasahihisha. Zamu tatu. Sasa itazameni hiyo ya tatu: marudio yakiwa sahihi, kwa kawaida mwongozaji hasemi kitu. Kimya chake ndicho «ndiyo».

Hapo mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Kimya hicho kina maana mbili. Kinaweza kusema «nimesikia, ni sawa». Kinaweza pia kuwa kimya cha mtu ambaye hakusikia kabisa, kwa sababu alikuwa kwenye simu, au kwenye masafa mengine, au alikuwa amegeuza kichwa. Rubani aliye angani hana njia ya kutofautisha kimya hiki na kile. Wanapokuwa wawili chumbani, sikio la pili huziba pengo hilo: mwenzake humgusa bega na kumwambia kwamba yule kaitikia vibaya. Anapokuwa peke yake, ana mdomo mmoja kwa redio na simu zote, na hakuna wa kumgusa bega.

Mfano unaoonyesha jambo hili kuliko yote ni wa Überlingen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, kando ya ziwa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 anga ya eneo hilo iliongozwa kutoka Zürich, katika kituo cha Skyguide, kampuni ya Uswisi. Waongozaji wa zamu walikuwa wawili, lakini mmoja alikuwa amekwenda kupumzika, desturi ambayo wakubwa waliijua na kuivumilia. Aliyebaki alishika meza mbili za kazi zenye masafa mawili tofauti. Usiku huohuo mafundi walikuwa wakishughulikia mitambo: rada ilifanya kazi kwa kiwango cha chini, bila alama ya onyo kwenye skrini ndege zinapokaribiana, na simu kuu ya kuongea na vituo jirani ilikuwa imezimwa. Simu ya akiba ilikuwa na hitilafu.

Kulikuwa na Airbus iliyochelewa, iliyotaka kutua Friedrichshafen, na mwongozaji alihangaika kuupigia simu mnara wa huko bila kuupata. Wakati huo ndege mbili zilikuwa zinakaribiana katika kimo kimoja, yapata mita 11,000: Tupolev ya Bashkirian Airlines kutoka Moscow kwenda Barcelona, iliyobeba watoto wengi, na Boeing ya mizigo ya DHL kutoka Bergamo kwenda Brussels. Waongozaji wa Karlsruhe, upande wa Ujerumani, waliiona hatari hiyo kwenye rada yao. Wakapiga simu Zürich, wakapiga tena, simu haikupita. Sikio la pili lilikuwepo basi, ila lilikuwa nje ya nyumba na mlango ulikuwa umefungwa.

Sekunde 43 kabla ya mgongano, mwongozaji aliiambia Tupolev ishuke. Marubani walianza kushuka, lakini hawakujibu. Sekunde chache baadaye TCAS, chombo ambacho huwasiliana chenyewe kati ya ndege na ndege, kikawaambia wa Tupolev wapande na wa Boeing washuke. Mwongozaji, kwa kuwa hakupata jibu, alirudia agizo lake la kushuka, na safari hii wakamwitikia. Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamefungwa: agizo limetoka, itikio limerudi. Akaigeukia Airbus. Marubani wa Boeing waliporipoti kwamba wanashuka kwa amri ya TCAS, hakuwasikia. Yeye alikaa kimya, na kimya hicho hakikuwa cha kukubali. Ndege zote mbili zilikuwa zinashuka. Saa 23:35 ziligongana, wakafa watu 71, na hakupona hata mmoja.

Kuna kosa jingine dogo ndani ya sekunde hizo. Aliwaambia marubani wa Tupolev kwamba ndege nyingine iko «saa mbili», yaani mbele upande wa kulia, na kumbe ilikuwa «saa kumi», upande wa kushoto. (Saa hizi husomwa kwenye uso wa saa, 12 ikiwa ni pua ya ndege. Msomaji wa Kiswahili asizisogeze kwa sita kama tulivyozoea!) Neno moja liliteleza, na chumbani hapakuwa na mtu wa kulirudisha.

Ripoti ya wachunguzi wa Ujerumani ilitoka Mei 2004. Mwongozaji yule hakuiona: Februari ya mwaka huo aliuawa nyumbani kwake na baba aliyepoteza mke na watoto wake wawili katika ajali hiyo. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wafanyakazi wanne wa Skyguide. Mimi siwaamini wanaolisimulia jambo hili kama kosa la mtu mmoja aliyechanganyikiwa. Upweke wake ulikuwa sehemu ya utaratibu wa kazi, na alikabidhiwa mwanzoni mwa zamu pamoja na vile vipokea sauti vya masikioni.

Huko Lexington, Marekani, tarehe 27 Agosti 2006 kabla ya mapambazuko, mnarani pia alikuwepo mtu mmoja, ingawa maagizo ya wakati ule yalitaka wawili. Marubani wa Comair 5191 waliingia kwenye njia ya 26, fupi mno kwa ndege yao, badala ya 22. Walipoomba ruhusa ya kuruka hawakutaja namba ya njia, na mwongozaji alipowaruhusu hakuitaja pia. Kisha akageuka kufanya kazi ya karatasi. Kati ya watu 50 alipona mmoja. Wachunguzi waliona chanzo kikuu kuwa ni marubani, na sibishani nao. Ninachosema ni kwamba namba ambayo haikutamkwa haiwezi kurudiwa, wala kusahihishwa.

Sasa linganisheni na Washington, tarehe 23 Machi 2011, baada ya saa sita ya usiku. Katika uwanja wa Reagan mwongozaji pekee wa mnara, ambaye alikuwa katika zamu yake ya nne ya usiku mfululizo, alishikwa na usingizi. Ndege mbili za abiria ziliita mnara, hazikujibiwa. Wa kituo cha rada walipiga simu, haikupokelewa, wakawaambia marubani waziwazi kwamba hakuna mtu wa kuwajibu. Basi marubani wakabadilisha namna ya kusema: wakaacha kuomba ruhusa, wakaanza kutangaza mahali walipo na wanachotaka kufanya. Zote mbili zikatua salama. Waziri wa uchukuzi, Ray LaHood, aliagiza awekwe mtu wa pili katika zamu ile.

Kwa maoni yangu kilichowaokoa ni kwamba kimya kilikuwa kimebaki na maana moja. Mnara mtupu unaojulikana kuwa mtupu haumdanganyi mtu. Marekani ina viwanja vingi zaidi visivyo na mnara kuliko vyenye mnara, na huko lugha yenyewe imejirekebisha. Rubani hutaja jina la uwanja mwanzoni mwa tangazo lake na tena mwishoni, kwa kuwa viwanja kadhaa hutumia masafa yaleyale na neno la kwanza humezwa kirahisi na kelele. Hata taa, pale zilipowekewa mtambo huo, huziwasha mwenyewe kwa redio: anabonyeza kitufe cha kusemea mara 7 ndani ya sekunde 5 kupata mwanga mkali, mara 5 kwa wa wastani, mara 3 kwa ule hafifu. Wenzetu wa semiotiki watafurahi. Kule Sweden mambo yamegeuka tena: tangu 2015 ndege za Örnsköldsvik huongozwa na mtu aliyekaa Sundsvall, mji mwingine, akitazama picha za kamera. Huo si mnara mtupu, maana sikio lipo, ila limehamishwa.

Na juu ya vichwa vyetu je? Anga ya Kongo ni pana, na redio ya ardhini haifiki kila mahali vizuri. Kwa hiyo IATA, shirikisho la makampuni ya ndege, liliweka kwa sehemu kubwa ya Afrika, anga ya Kinshasa ikiwemo, utaratibu wa marubani kuambiana wenyewe kwenye masafa ya 126.9 megahazi. Na Kinshasa rubani anaweza kusema Kifaransa. Kwenye 126.9 anasema Kiingereza, kwa sababu hajui anayemsikiliza ni nani, wala kama yupo. Anawaita wote walio kwenye masafa, anataja jina la ndege yake, kimo, anakotoka na anakokwenda, mahali alipo na saa atakayofika sehemu inayofuata. Hamwombi mtu ruhusa na hangoji marudio. Anaachia kitufe, anasikiliza, na baada ya muda anayasema tena yote upya.