Makazi ya Wanyama Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420 katika pwani ya Kenya, umesimamiwa na serikali tangu enzi za ukoloni, na kwa muda mrefu thamani yake ilihesabiwa kwa mbao na nguzo zilizotoka humo. Kuwahifadhi wanyama wake kunahitaji hesabu nyingine, ile ya makazi, yaani mahali ambapo mnyama fulani hupata chakula, maficho na nafasi ya kuzalia.

Makazi hayo hutambuliwa kwanza kwa udongo na miti. Mashariki, penye mchanga wa kijivu, miti imechanganyika, mbambakofi ukiwemo. Katikati, penye mchanga mweupe usio na rutuba, umetawala mrihi. Na magharibi, penye udongo mwekundu, umesongamana msitu wa sinometra, ambamo pia huota mhugu. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966, hukaa zaidi katika ukanda huo wa magharibi na hutegemea matundu ya miti, ilhali mhugu ndio mti uliosakwa mno na wachonga vinyago, hivyo kila shina nene linapoangushwa hupotea pia tundu ambalo huchukua miaka mingi kutokea. Doria inayohesabu visiki bila kuchunguza umri wa miti iliyobaki haitoshi.

Sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, hana haja na tundu. Yeye huparua ardhi, akatandika majani makavu katika kishimo na kujifunika kwa mengine, kisha mchana huyapekua majani hayohayo akitafuta wadudu na minyoo. Moto unaopita chini tu, ukaacha miti imesimama, humnyang'anya nyumba na chakula kwa pamoja, jambo ambalo mtu anayetazama matawi hawezi kuliona.

Mgumu zaidi kuhifadhiwa ni kwera wa Clarke, ndege ambaye huonekana katika mirihi ya Sokoke lakini ambaye mahali pake pa kutagia hapakujulikana hadi mwaka 2013, viota vyake vilipopatikana katika ardhi oevu ya Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki. Dakatcha iko nje ya mipaka ya hifadhi, na huko miti hukatwa kwa mkaa na kwa mashamba, kwa hiyo ulinzi wa ndege huyu hauna budi kupangwa pamoja na wenyeji wanaoimiliki ardhi hiyo.