Mzigo Nilioutua Wote



Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliufanya mzigo wangu mwenyewe kuwa kanda la usufi. Kwa miaka sita nilibeba begani lenzi moja kubwa, na kila nilipoulizwa uzito wake nilijibu kwamba si kitu. Hali hiyo iliendelea hadi siku tuliposhuka garimoshi katika stesheni ya Kibwezi, mimi na mwanangu wa kiume wa miaka 16. Alinipokea begi, akapiga hatua chache, akaliweka chini. “Mama,” akaniuliza, “humu mmetiwa mawe?”

Kazi yangu ni kupiga picha katika sherehe za wanawake. Wasomaji wetu wa kike wanazijua kumbi za Mombasa usiku wa kupamba: simu huachwa mlangoni, mpiga picha hana budi awe mwanamke, taa ni za rangi na hafifu, na bibi harusi ameketi jukwaani, mbali. Kati yako na yeye wamejaa mashangazi, makungwi na watoto. Ni kwa ajili ya usiku kama huo nilipojinyima na kununua lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la f/2.8.

Uzito wa lenzi ya namna hiyo una sababu yake. Ukigawanya milimita 200 kwa 2.8 utapata takriban 71: huo ndio upana, kwa milimita, wa mlango ambao mwanga huingilia. Kwa lenzi ya f/4 mlango huo huwa milimita 50, na mwanga uingiao ni nusu tu. Anayetaka mwanga maradufu kutoka mbali hana budi kubeba vioo vipana, na vioo vipana ni vizito. Lenzi yangu peke yake ilikuwa na gramu 1,490. Kamera yake, 5D Mark IV, ilikuwa na gramu 890, na lenzi yangu ya pili gramu 805. Jumla ni gramu 3,185, kabla ya kutia fleshi, betri, chaja na begi lenyewe.

Siku ile tulikuwa tunakwenda Kitui kumzuru shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi tupu. Leo barabara ya lami inatoka Kibwezi, inapita Ikutha na Mutomo, mpaka Kitui mjini, nayo inapita katika nchi ya mibuyu na migunga. Njia baina ya Pwani na Ukambani ni kongwe. Katika karne ya 19 Wakamba waliongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka Mombasa. Mmoja wa wakuu wao, Kivoi, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, na kutoka huko Krapf aliuona mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Mpagazi wa misafara ya enzi zile alibeba takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mwanangu nilipomsimulia hayo ndani ya matatu, alinitazama kisha akasema kwamba mpagazi angalau alilipwa.

Shangazi tulimkuta chumbani mwake, ameketi juu ya mkeka, anachambua ndengu katika ungo. Dirisha lilikuwa moja, na mwanga wake ulimwangukia ubavuni kwa uzuri ambao sitausahau. Nilikuwa nimedhamiria kwa mwaka mzima kupata picha yake. Kwetu hakuna picha ya bibi yetu, na ya babu ni moja tu, iliyofifia. Nikaitoa kamera, nikaifunga ile lenzi. Chumba kilikuwa kidogo, na lenzi ile haioni sawasawa kitu kilicho karibu kuliko mita 1.2. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hata hapo sikuweza kuuona ungo na uso wake kwa pamoja. Shangazi akainua macho, akaona duara lile jeusi limemwelekea, akavuta leso yake akajifunika uso.

“Mwana wa ndugu yangu,” akasema, “hilo dude liweke. Njoo tuchambue ndengu.”

Nikaliweka. Tulichambua ndengu mpaka adhana ya magharibi, na nikarudi Mombasa bila picha hata moja yake.

Mwezi uliofuata bega la kulia likaanza kunikosesha usingizi. Daktari aliniuliza ninabeba nini, na kwa gani, na kwa saa ngapi. Nilipomwambia, hakuandika dawa nyingi. Alisema nipunguze mzigo, la sivyo nitarudi kwake mara kwa mara na kila mara nikiwa na hali duni zaidi.

Nakiri kwamba kilichonizuia kwa muda si hesabu ya fedha bali ni haya. Katika kazi yetu, lenzi kubwa ni kama kilemba: mtu akiiona hukupa njia. Nilichelea kwamba wateja wakiniona na kamera ndogo watasema nimefilisika. Nikamkumbuka marehemu Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi yake ujanani Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko mjini Addis Ababa, naye akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Mtu aliyefanya kazi kwa namna ile hakuwa akitegemea ukubwa wa chombo. Haya yangu ikapungua.

Kupitia kwa shemeji yangu nilipata habari za kijana mmoja wa Wote, makao makuu ya Makueni. Yeye hupiga picha za mashindano ya shule na arusi za usiku, naye alikuwa na shida iliyo kinyume cha yangu. Kamera yake ilikuwa Fujifilm X-T30 yenye gramu 383, pamoja na lenzi mbili: moja ya milimita 18 hadi 55, gramu 310, na nyingine ya milimita 35 yenye tundu la f/2, gramu 170. Kwa jumla ni gramu 863. Alikuwa ameazimwa kamera ya Canon na kaka yake, na alichokitamani ni lenzi kama yangu. Tukakubaliana kwa simu: tubadilishane, naye aniongezee shilingi 25,000.

Usiku wa kuamkia safari nilikaa kuisafisha lenzi. Nilipoimulika kwa tochi kutoka nyuma, niliona kwenye ukingo wa kioo cha ndani nyuzi nyembamba, mfano wa utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, ambayo mafundi wetu huiita fangasi. Sisi wa Pwani tunaijua: hewa yetu ya unyevu huilea, hasa lenzi ikifungiwa katika begi la ngozi ndani ya kabati lenye giza. Picha zilikuwa bado safi. Ila kuvu ikiachwa hutambaa, na ikikaa sana huweza kukila kioo chenyewe.

Mwanangu alikuwa kando yangu, akaiona. “Hataiona, mama,” akasema. “Na picha ni nzuri.”

Sikumjibu. Maneno yake yote mawili yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Sote tumefunzwa tangu chuoni kwamba mwenye kuuza na abainishe aibu ya bidhaa yake, na kwamba baraka ya mauzo imo katika ukweli. Kuyajua hayo ni jambo moja. Kuyatenda mbele ya mtoto, saa nne ya usiku, na shilingi 25,000 zimekwisha kupangiwa karo, ni jambo jingine. Nilikuwa na hakika ya kitu kimoja tu: ningenyamaza, mwanangu angesahau habari za lenzi, lakini asingesahau kwamba nilinyamaza.

Asubuhi tulipanda garimoshi mpaka Emali, kisha matatu mpaka Wote. Kijana alitupokea kwa adabu na kutukaribisha katika hoteli ndogo, tukaagiza chai. Aliigeuza lenzi mikononi, akatazama vioo vya nje, akaijaribu kwenye kamera ya kaka yake, akatabasamu. Alikuwa ameridhika. Nikatoa tochi mfukoni.

“Mwanangu, kabla hujalipa, mulika hapa ukingoni.”

Alimulika. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, “Mama, ungeninyamazia nisingejua.”

“Ndiyo maana nimekwambia.”

Tulizungumza kuhusu gharama ya fundi wa kuifungua na kuisafisha, nami nikapunguza shilingi 10,000. Akabaki akiniongezea 15,000. Tulipokuwa tukipeana mikono akasita, akaichukua tena ile kamera yake ndogo, akafungua kifuniko cha betri. “Na mimi nina langu,” akasema. Betri moja kati ya mbili alizonipa ilikuwa haishiki moto; humalizika kabla ya saa moja. Hakuwa amenuia kunieleza. Akatoa noti nyingine mbili za shilingi 1,000 akaziweka mezani. Mwanangu aliyatazama hayo yote bila kusema neno, na tulipotoka ndiye aliyelibeba begi, ingawa safari hii hakukuwa na haja.

Nisije nikawadanganya wasomaji kwamba wepesi hauna gharama. Wiki tatu baadaye nilikuwa na kupamba katika ukumbi mkubwa, nikaijutia lenzi yangu usiku kucha. Giza halikuwa tatizo, kwani tundu la f/2 huingiza mwanga maradufu ya lile la f/2.8. Tatizo lilikuwa umbali. Lenzi ya milimita 35 haifiki jukwaani kutoka nyuma ya ukumbi, nami sikuweza kupita katikati ya mashangazi kila dakika. Siku hizi, kwa kumbi kubwa, hukodi lenzi ndefu kwa siku moja na kuitia gharama yake katika makubaliano na mteja. Mara nyingi haihitajiki. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa nabeba kila siku kitu cha siku chache.

Mwezi wa pili tulirudi Kitui. Njiani, karibu na Mutomo, tulisimama penye mto mkavu ambapo wanawake walikuwa wakichota maji katika visima vya mchangani. Ukambani watu hujenga kuta za zege kukatiza mito ya msimu. Mvua zikinyesha mchanga hukusanyika nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie kwa wepesi. Kwa lenzi yangu ya zamani ningewapiga kutoka barabarani wasijue. Kwa hii ndogo sikuwa na njia ila kushuka, kusalimu, kuuliza kama wanaridhia, na kungoja jibu. Wawili waliridhia, mmoja alikataa. Picha za wale wawili wananitazama machoni.

Kesho yake tuliupanda mwamba wa Nzambani, ulio nje ya mji wa Kitui, ambao wenyeji husimulia kwamba atakayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Hatukuuzunguka hata mara moja. Tulipanda ngazi zake za chuma tu, na nilifika juu bila kulishika bega.

Na shangazi? Alikuwa palepale, juu ya mkeka. Niliketi karibu naye, kamera ndogo ikiwa mapajani mwangu, nikachambua ndengu kwa nusu saa kabla ya kumwomba. Alicheka. “Uso wangu umezeeka, niachie,” akasema. “Piga mikono.” Ningetaka uso, wala sifichi. Lakini mikono ile ndiyo iliyomlea baba yangu alipofiwa na mama yake, na katika picha unaona hina iliyofifia kuchani, punje za kijani kibichi zikimwagika baina ya vidole, na ungo mzima. Nimeitengeneza nakala kwa kila nyumba ya ukoo wetu.

Kwa msomaji anayefikiria mabadilishano kama haya, nasihi yangu ni fupi. Pitia picha zako za mwaka mmoja, uhesabu ni ngapi hasa zilihitaji lenzi yako nzito. Vipime vyombo vyako kwenye mizani, usitegemee bega. Mulika kila lenzi kwa tochi kutoka pande zote mbili kabla ya kununua, na kabla ya kuuza pia. Ukiwa Pwani, hifadhi vyombo ndani ya sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, badala ya begi la ngozi. Ukiwa Ukambani adui ni vumbi, kwa hiyo usibadilishe lenzi upepo ukivuma. Na ukiona ila katika chombo chako, iseme. Yule kijana wa Wote amekwisha kunipigia simu mara mbili: fundi ameisafisha lenzi, na arusi yake ya kwanza nayo imekwenda salama, alhamdulillahi.