Hedhi Ikibadilika, Tusinyamaze

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya chai nchini Uganda,

Mama akichoka shambani, nyapara humwita mvivu. Sisi tunasema: kwanza aulizwe afya yake. Hedhi kupishana siku chache si ugonjwa. Lakini damu ikipita siku 7, ikilowesha kitambaa kila saa, au ikirudi baada ya kukoma kwa umri, aende zahanati apimwe. Huenda ni uvimbe katika mfuko wa uzazi, au mimba imeharibika. Damu ikipungua mwilini, huja kizunguzungu na moyo kwenda mbio.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili mwezi wa kwanza, akileta cheti cha daktari. Anayeona haya amwambie mjumbe wetu wa kike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.